Gia ya Nne Kutoka Dutwa

Nililizunguka lile gari kwanza, mikono nimeifunga mgongoni, nikainama kutazama chini ya bodi, nikapiga tairi teke dogo, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua alichokiona. Hakuna nilichokiona. Nilikuwa nasubiri wenzangu wa maduka ya jirani watoke nje. Hiyo peke yake inanitia aibu nikiikumbuka, na wala siyo aibu yenyewe ya siku ile.

Duka langu ni la pembejeo, hapa Bariadi mjini. Nauza mbegu, dawa za pamba, mabomba ya kupulizia, na mbolea kwa wanaolima mpunga. Pikapu ilikuwa imeletwa mlangoni kwangu kutoka Mwanza ili niijaribu kabla ya kununua. Ilikuwa ya kazi nzito, nyeupe, ya kebini moja, bodi ndefu, na viti vyake vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Mbele wanakaa watu watatu kwenye kiti kimoja kirefu, na gia yake inatoka sakafuni katikati, siyo hizi za kujiendesha zenyewe.

Muuzaji aliyekuja nayo alikuwa kijana wa Dar es Salaam, shati jeupe, maneno mengi, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Bodaboda ilikuwa imemwangusha Mwanza. Kwa hiyo gari lilikuwa limeendeshwa na dereva wa kampuni yao, naye alipofika tu Bariadi alikwenda kutafuta supu na hakuonekana tena asubuhi ile.

"Gari la kazi halijaribiwi tupu, bosi," muuzaji aliniambia. "Lipakie mzigo ndiyo utalijua."

Tukapakia mifuko ya mbolea kutoka stoo yangu hadi springi zikashuka kidogo. Kisha akaniuliza tuelekee wapi. Ningeweza kwenda upande wa Maswa, au kuzunguka tu mitaa ya mjini. Nikasema twende Dutwa, kwa sababu ukipita Dutwa kuna barabara ya vumbi yenye mashimo ya kutosha, na gari hupimwa kwenye mashimo. Hilo lilikuwa kweli. Ila kilichonipeleka huko ni kingine. Kwenye barabara ile ya vumbi ndipo wanapokaa wakwe zangu, na nilitaka shemeji zangu wanione nikipita.

Sasa nieleze la jana yake, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mke wangu alikuwa ameniambia kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitalini kwa siku chache, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa. Wenye mtoto wa jicho wangefanyiwa upasuaji. Saa sita mchana wangefunga kuandikisha, na asiyekuwepo angesubiri mpaka watakaporudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mama yake alikuwa haoni tena zaidi ya mwanga na vivuli. Mke wangu akaniomba nitafute namna ya kumleta.

"Kesho mtu wa gari anakuja," nikamjibu. "Apande basi la asubuhi. Nauli nitamtumia jirani yake kwenye simu."

Hakubishana nami. Nauli niliituma kweli, na nikajiona nimemaliza wajibu wangu. Asubuhi aliamka, akavaa, akaenda hospitalini kumshikia mama yake nafasi kwenye foleni, na mimi nikabaki kusubiri pikapu.

Kuna jambo jingine, la desturi. Kwetu sisi mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Wakiwa na la kuongea huongea kwa mbali, mmoja ndani na mwingine nje, au humtuma mtu. Vijana wa mjini siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na kupiga nao picha, na mimi siwasemi. Lakini mama mkwe wangu ni wa desturi kamili. Mwaka fulani tulikuwa tunarudi msibani kwenye lori moja, watu wamejaa bodini, na yeye hakujua kama nami nimo. Nikakohoa. Akaomba lori lisimame, akashuka na kutembea kwa miguu hadi kwake, wakati huo macho yalikuwa bado yanamwonyesha njia. Hakuna aliyemshangaa. Wanawake waliobaki kwenye lori walimsifu njia nzima.

Basi tukaondoka. Sitasema uongo, gari lile lilikuwa zuri. Klachi nzito lakini laini, injini ya dizeli inaunguruma chini chini, na mzigo wote ule nyuma hukuusikia. Kwenye lami nilikwenda kwa kujidai, kiwiko dirishani. Muuzaji alinieleza mambo ya springi, ya magurudumu yote manne kuvuta kwa pamoja, ya vipuri, nami nilikuwa naitikia huku natazama kama watu wa baiskeli wananiona. Tulipita Dutwa, tukaacha lami. Karibu na njia panda nilikuwa nimeinama kutafuta kitufe cha kubadilisha mvuto wa magurudumu, na muuzaji akinielekeza kwa mkono wake mzima, kwa hiyo sikuona waliokuwa wamekaa kando ya kalavati.

Kwa shemeji yangu nilipunguza mwendo, nikapiga honi ndefu. Hakutoka mtu. Ilikuwa siku ya mnada, wote walikuwa wamekwenda. Mbuzi wawili walinyanyua vichwa, wakaendelea na majani yao. Nikapiga honi tena, na muuzaji akaniuliza kama kuna mtu tunamfuata. Nikasema hapana, najaribu honi.

Tukageuza. Tulipokaribia tena njia panda, mwanamke alisimama katikati ya barabara, akapunga mkono. Nikamtambua. Alikuwa jirani wa mama mkwe, yule yule niliyemtumia nauli. Nyuma yake, juu ya kalavati, mama mkwe wangu amekaa amenyoosha miguu, kifurushi mapajani, uso ameuelekeza upande sauti ya gari ilikotoka.

Jirani alikuja dirishani kwangu. Alinisalimu kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini sana.

"Mwangaluka, baba. Mabasi yote yamepita yamejaa watu wa mnada, hayasimami. Bodaboda hataki, alishaanguka nayo. Ulipotupita nikajua umetufuata, nikasema utageuza." Akatazama kule kwa bibi, akanirudia. "Sijamwambia ni wewe. Usiseme kitu. Akijua, hapandi."

Nilikuwa nimewapita nikitafuta kitufe, na jirani huyu alikuwa amenipa heshima ambayo sikuwa nayo, ya mtu aliyekuja kumchukua mama mkwe wake. Saa ya kwenye dashibodi ilionyesha imebaki chini ya saa moja kufika saa sita. Kumwacha mama mkwe isingewezekana, na kumwambia ukweli ilikuwa sawa na kumwacha.

Jirani hakungoja nijibu. Alipaza sauti, akimwita mama kwa lugha yetu: "Mayu, ni gari la kampuni. Linakwenda Bariadi. Dereva amekubali."

Mtu mwenye akili angefikiri upesi: ningeshuka, ningekaa juu ya mbolea, mwingine angeendesha. Mwingine nani? Muuzaji alikuwa na mkono mmoja. Jirani hajawahi kushika usukani. Niliyazungusha hayo kichwani kama dakika nzima, na wakati huo mambo yalikuwa yanaendelea bila mimi. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alikuwa ameshashuka na kumshika bibi mkono.

"Mama, pita katikati," alimwambia. "Mimi nikikaa katikati, dereva ataupiga huu mkono kila akibadilisha gia, nitalia hapa."

Jirani akapanda nyuma, akakaa juu ya mifuko. Mama mkwe akapanda mbele, akajisogeza kwenye nailoni taratibu, nailoni ikilalamika, mpaka akafika kando yangu. Kati ya bega lake na langu hapakutosha kuweka kiganja. Alinukia moshi wa jikoni na sabuni ya kufulia. Muuzaji akaingia, akafunga mlango kwa mkono wa kushoto, na kwa hiyo akamsogeza kidogo zaidi kwangu.

Niliweka kidole mdomoni kumwonyesha muuzaji anyamaze kuhusu mimi. Hakuelewa chochote, lakini alikubali kwa kichwa. Wauzaji wana hilo, hukubali kwanza.

Kisha nikatazama chini na kuona gia ilipo. Ilikuwa kati ya magoti yake. Alikuwa ameifunika karibu yote kwa kitenge bila kujua.

Anayeendesha gari la namna ile anajua. Gia ya kwanza na ya tatu unazisukuma mbele, kuelekea dashibodi. Ya pili na ya nne unazivuta nyuma, na nyuma palikuwa na magoti ya mama mkwe wangu. Niliingiza ya kwanza kwa ncha za vidole, shingo nimeigeuzia dirishani. Ya pili niliiruka kabisa. Nilipotoka ya kwanza kwenda ya tatu gari lilitetemeka lote, jirani akashika kingo za bodi huko nyuma, kisha likakubali, tukapanda lami ya Bariadi injini ikilia.

Na hapo kwenye ya tatu nikabaki. Lami imenyooka, haina gari mbele, na mimi naunguruma kwa mwendo wa trekta. Baiskeli moja ya mtu aliyebeba magunia matupu ilitufuata muda mrefu sana.

"Bosi, weka ya nne," muuzaji akasema.

Nikaongeza mafuta, gia ileile.

"Injini inalia, bosi. Hili lina nguvu, weka ya nne."

Nikatikisa kichwa. Nikaona anavyonitazama. Alikuwa anaanza kuelewa kwamba mteja wake hajui kuendesha gari.

"Dereva mbona hasemi?" mama mkwe akauliza.

Kijana akafikiri kidogo. Nadhani alidhani anaukamilisha mchezo niliouanzisha kwa kidole changu.

"Ni bubu, mama."

"Masikini," akasema, akageuza uso wake upande wangu, nami nikageuza wangu upande wa pili mpaka shingo ikaniuma. "Na kusikia hasikii?"

"Hasikii vizuri."

Kuanzia hapo aliniongelea kama mtu asiyekuwepo. Alifungua kifurushi chake, akatoa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akampa muuzaji. Kisha akapapasa hewani akitafuta mkono wangu. Niliondoa wa kushoto kwenye usukani nikamletea, ningefanya nini. Alikishika kiganja changu kwa mkono wake mmoja, akaweka matobolwa kwa mwingine, akavikunja vidole vyangu juu yake. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona kwa karibu, na sasa ulikuwa umenishika. Nilitaka kusimamisha gari nishuke nikimbilie kwenye mashamba.

Muuzaji alikuwa anatafuna na kuongea.

"Mama, huna watoto wa kukupeleka hospitali mpaka usimame barabarani?"

"Ninao. Na mkwe ninaye, yuko Bariadi mjini."

"Ana usafiri?"

"Hakosi. Ni mtu wa duka."

"Sasa mkwe gani huyo, mama? Yuko mjini, ana duka, na wewe unakaa juani na macho haya? Mimi ningemwambia."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamtetea bibi wa watu. Nikakaza mikono kwenye usukani na kutazama lami, nikisubiri mama mkwe aseme anachokijua. Nilistahili. Nilikuwa karibu natamani.

"Usimseme," akajibu, na sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayefunga mlango. "Alitaka kuja mwenyewe alfajiri. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimtuma binti yangu amwambie asifunge duka kwa ajili ya macho ya bibi kizee."

Hakuna kitu kama hicho kilichotokea. Alikuwa anasema uongo kwa mtu asiyemjua, mchana kweupe, ili jina langu lisichafuke kwa kijana ambaye hangemwona tena. Na aliusema vizuri, kana kwamba alikuwa amejiandaa pale kwenye kalavati.

"Ni mtu wa heshima sana," akaendelea. "Haya macho aliyajali tangu yalipoanza kuharibika. Alisema nitapelekwa baada ya msimu wa pamba. Msimu ukipita, unakuja wa mpunga. Ukipita huo, wakulima wanataka mbegu tena. Kila mwaka alisema baada ya msimu. Kosa siyo lake, misimu haishi."

Kila neno lilikuwa langu. Baada ya msimu, ndivyo nilivyokuwa namwambia mke wangu, nikiwa nakula, bila kunyanyua macho kutoka kwenye sahani. Nilidhani maneno hayo yaliishia jikoni kwangu. Kumbe yalikuwa yanafika huko, mwaka baada ya mwaka, na yeye alikuwa anayapokea na kuyatengenezea sababu.

"Duka la nini?" muuzaji aliuliza, sasa kwa upole.

"La mbegu na dawa za pamba. Na mbolea."

Kijana akaacha kutafuna. Akageuka taratibu, akatazama kupitia kioo cha nyuma ile mifuko ambayo jirani ameikalia, mifuko aliyonisaidia kuihesabu kwa macho wakati inapakiwa dukani kwangu. Kisha akanitazama. Nami nikamtazama, sikuweza kujizuia. Sijui uso wangu ulikuwaje. Alishusha macho, akakishusha mapajani kipande cha matobolwa alichokuwa nacho mkononi, na kuanzia hapo hakusema tena neno kuhusu nguvu ya injini.

Tulifika kwenye matuta ya kijiji kimoja. Tuta la kwanza nililipanda na gia ya tatu, gari likapiga kwikwi. La pili likazima kabisa. Kimya kikaingia, tukasikia jirani huko nyuma akiuliza kuna nini.

"Limekufa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama, limezima tu."

Nililiwasha. Ilibidi nirudi gia ya kwanza, na mkono wangu ukasita juu ya kitenge chake kama mkono wa mwizi. Nadhani alihisi kusita kule. Akapapasa, akagundua kuwa kile chuma kilikuwa katikati ya magoti yake, akacheka kidogo.

"Kumbe mimi ndiye ninayemzuia," akasema. Akakusanya kitenge, akasogeza magoti upande wa muuzaji kadiri alivyoweza, akaigonga gia kwa kiganja. Kisha akapaza sauti, kwa sababu mimi nilikuwa bubu na sisikii vizuri: "Pita, baba. Pita, usiogope."

Muuzaji alitazama saa. "Bosi," akasema polepole, "imebaki robo."

Gia ya tatu isingetufikisha. Nililijua hilo tangu Dutwa, na bado nilikuwa nimeishikilia, nikijiambia kwamba ni heshima. Ukweli ni kwamba heshima ile ilikuwa yangu mwenyewe, ya kuniwezesha kusema baadaye kwamba angalau hapo sikukosea. Nilikuwa tayari kumchelewesha asione tena ili mkono wangu usiguse kitenge.

Nikavuta ya nne. Mkono uliteleza kando ya goti lake, hakushtuka. Gari likanyamaza kulia, likanyanyuka, na tukaenda. Mbele tukaingia ya tano. Niliibadilisha gia kwenye kila tuta na kila kona mpaka mjini, nikipita kwenye magoti ya mama mkwe wangu, na kila mara nilihisi aibu ileile upya, haikupungua kwa mazoea.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye geti la hospitali. Alikuwa anatazama upande wa stendi, kunakotoka mabasi. Tulipofunga breki mbele yake alinitambua mimi kwanza, kisha akaona aliyekaa kando yangu. Alisimama vilevile, mkono ameuinua nusu. Jirani alikuwa ameshateremka kutoka nyuma, akamnong'oneza sikioni maneno mawili matatu.

Mke wangu alizunguka upande wa muuzaji, akamshusha mama yake.

"Wahi, mayu, wanataka kufunga. Nafasi yako ipo."

"Ngoja kwanza. Mshukuru dereva," mama mkwe akasema. "Ni bubu, lakini ana moyo. Nimepanda gari lake na sijamlipa kitu."

Mke wangu akaingiza kichwa ndani ya kebini. Tulitazamana. Tumelala kitanda kimoja miaka mingi na sikuwahi kutazamwa hivyo. Hakukuwa na hasira, ningeifahamu hasira.

"Wabeja, dereva," akasema. "Asante kwa kumleta mama yangu."

Akamshika mama yake mkono wakaingia ndani, jirani nyuma yao na kile kifurushi.

Muuzaji akaniambia, "Ungenidokeza, mzee. Nisingesema yale." Nikamwambia hakusema kibaya. Tulirudi dukani, vijana wa stoo wakashusha mbolea, wenzangu wakatoka kuuliza gari likoje. Nikawaambia ni zuri. Sikulinunua. Muuzaji alipiga simu mara moja tu baada ya hapo, akaniuliza mama anaendeleaje, na gari hakulitaja.

Upasuaji ulifanyika. Jicho moja, baadaye la pili. Mke wangu alikaa naye hospitalini na aliporudi nyumbani alinieleza yote kama kawaida, matone gani, mara ngapi, lini bandeji itatolewa. Kuhusu gari hakuuliza kitu. Siku moja tu, akiwa anakunja nguo, alisema, "Mama anamuulizia yule dereva." Akaendelea kukunja.

Nilikwenda kumsalimia alipokuwa amesharudi kwake na ameshapona. Safari hiyo sikungoja msimu. Nilikaribishwa kama mkwe anavyokaribishwa: kiti uani, mimi nimeupa mlango mgongo, yeye ndani ya nyumba. Mke wangu alikuwa jikoni anapika na shemeji zangu. Nilisikia nyayo zake zikija karibu na mlango, zikasimama mahali anapopaswa kusimama.

Tukasalimiana. Nikamuuliza macho. Akasema anaona mpaka punje za mtama kwenye ungo, anaona mbuzi wakiwa mbali na anawajua mmoja mmoja. Niliogopa sauti yangu, lakini yule wa kwenye gari hakuwa na sauti, kwa hiyo hakukuwa na cha kulinganisha.

"Baba," akasema, "wewe ni mtu wa mjini, unafahamiana na watu. Kuna dereva alinipeleka hospitali siku ile. Ni bubu. Bila yeye nisingefika. Nitafutie."

"Nitamtafuta, mayu."

"Ukimpata mlete hapa kwangu. Nimemfugia jogoo. Na nataka nimwone. Nyie wakwe zangu siruhusiwi kuwatazama, na nimeshazoea. Lakini yule si mkwe. Yule naweza kumtazama usoni."

Kuku walikuwa wanaparua vumbi mbele ya miguu yangu. Nilikaa vilevile, mgongo kwenye mlango, mikono magotini.

"Hata kama hasemi, aje tu," akasema. "Nikimwona inatosha."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.